Moto wa Bwana Haroldi, Viwanja Sitini

Ijumaa, 28 Oktoba 1994

Moshi kila mahali. Watu wanachoma mashamba kabla ya mvua. Jua la jioni limekuwa jekundu, unaweza kulitazama bila kukunja uso. Milima ya Udzungwa haionekani kabisa. Majivu yanadondoka polepole juu ya meza yangu ya ufundi pale sokoni, juu ya saa za watu, na mimi nimekaa tu nayatazama. Mteja kaniuliza mara tatu saa yake iko wapi. Ilikuwa mkononi mwangu.

Moshi huu ndio ulionikumbusha. Bwana Haroldi! Mwaka sabini na moja nilikuwa nambebea fimbo ya kupimia kina cha mto. Yeye mpimaji kutoka Uingereza, mimi kijana mwembamba mwenye miguu mirefu. Ikifika Novemba alikuwa hashikiki. Anaweka vyombo chini, anakaa juu ya boksi ukingoni mwa Kilombero, anasimulia. Kwao, tarehe tano Novemba, kila mtaa unawasha moto mkubwa gizani, katikati ya ukungu. Juu yake wanaweka sanamu la mhaini mmoja wa zamani aliyetaka kumlipua mfalme. Fashifashi zinapasuka angani, nyekundu, kijani, dhahabu. Viazi vinachomwa, nje mkaa, ndani vibichi. Mvua inanyesha kila mwaka. Baba yake anaungua kidole kila mwaka. Ile fashifashi kubwa kuliko zote haipasuki, kila mwaka! Bwana Haroldi alicheka mpaka akajifuta machozi. Akasema mama yake alikubali kuolewa na baba yake mbele ya moto ule, maana kila mtu anapendeza akimulikwa na moto.

Maneno hayo nimeyabeba nusu ya maisha yangu. Leo nimejua nilikuwa nayabebea nini.

Apolonia anatoa jibu Jumapili ya tarehe sita! Apolonia ni jirani yetu, mjane wa marehemu Limbu, mwaka wa tatu sasa. Kaka yake, Tadei wa Mchombe, amepokea barua mbili za posa kwa juma moja. Moja yangu. Nyingine ya Gaudensi, fundi seremala, mtu mwenye vidole kama mihogo na maneno sita kwa siku. Tadei anakuja Jumapili hiyo kusikia dada yake kamchagua nani.

Moto tarehe tano. Jibu tarehe sita. Imepangika yenyewe!

Jumamosi, 29 Oktoba

Nimemweleza dada yangu mkubwa, Febronia, ninayekaa naye. Alisikiliza huku akipepeta mchele. Nilipomaliza aliuliza kama nimekula.

Nimeanza kujenga lundo. Liko kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba yetu, hapa mtaani Viwanja Sitini, pale nyumba zinapokwisha na mashamba ya mpunga yanapoanza. Mkokoteni mmoja baada ya mwingine: mabua ya mpunga, matete makavu, nyasi za kila aina. Wenye mashamba wananipa bure. Wao wanachoma yao leo, kesho na keshokutwa, wanaona nawapunguzia kazi. Mpaka Jumatatu, bonde zima upande wetu litakuwa jeusi tupu, na litabaki lundo moja tu limesimama. Langu!

Mgongo unauma. Lakini jioni nilikaa chini ya lundo, nikafumba macho. Nikaona ukungu. Nikaona Apolonia amesimama, mwanga wa moto shavuni, ananiuliza kwa sauti ndogo haya yote nimeyatoa wapi. Nikamjibu vizuri sana. Nilipofumbua macho kuna mbuzi alikuwa anakula kofia yangu.

Jumatatu, 31 Oktoba

Tatizo: fashifashi. Ifakara nzima hakuna. Nilimwendea Abdulkarim dukani. Akasema ana mishumaa, ana viberiti, na ana stilwaya ya kusugulia masufuria. Nikamkatalia. Nikafika mlangoni. Nikarudi mbio.

Stilwaya! Tulipokuwa wadogo tuliifunga kwenye kamba, tukaiwasha, tukaizungusha juu ya kichwa. Cheche zinaruka kama mvua ya dhahabu. Nimechukua zote alizokuwa nazo. Kaniuliza kama masufuria yetu yana hali mbaya kiasi hicho.

Za mlio nimezipata pia. Mwanzi mbichi ukiutia motoni, pingili zake zinapasuka kama bunduki. Nilitaka kuwa na uhakika, kwa hiyo nilijaribu kipande kimoja jikoni, kwenye mafiga ya Febronia. Kipande kidogo tu.

Uhakika nimeupata. Maharage tumeyabandua ukutani kwa kijiko. Febronia amesema maneno ambayo sitayaandika, na yeye ni mama wa chama cha Utatu Mtakatifu kanisani.

Jumatano, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Mji mzima makaburini, na majembe, na maua ya karatasi. Moshi bado. Padri alipokuwa anabariki, sauti yake ilikuwa inakuja na kupotea, ungedhani anatuita kutoka ng'ambo ya mto.

Apolonia alikuwa anapalilia kaburi la Limbu. Nilimsaidia. Nilipalilia polepole ili magugu yasiishe. Msalaba ulikuwa mpya, wa mninga, umepigwa randa mpaka unang'aa. Nikausifu. Akasema Gaudensi aliuleta jana, akauchimbia, akaondoka hata maji hakunywa. Nikasema ni msalaba mzuri, ila umeinama kidogo. Haukuinama.

Akakaa juu ya jembe lake. Akasema Limbu alikuwa mcheshi mno, Msukuma yule, kila jioni ilikuwa kicheko, na kwamba tangu amzike hajacheka hata mara moja. Anatabasamu, ndiyo, watu wasimwone ana kiburi. Ila kucheka kumemtoka, na wakati mwingine anaogopa hakutarudi.

Moyo wangu! Nilitaka kumwambia yote pale pale. Nikamwambia kuhusu Jumamosi. Nikamweleza moto, cheche, viazi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema sawa kaka Kelestini, nitakuja, ila angalia upepo, jiko langu ni la nyasi na liko karibu.

Atakuja! Lile "kaka" nalisamehe. Litajiondokea lenyewe.

Alhamisi, 3 Novemba

Balaa la sanamu. Nilikuwa nimelitengeneza vizuri, kiroba kimejazwa mabua, kichwa cha kibuyu, na nilikuwa nimelichorea ndevu. Ndevu kama za Gaudensi. Kwa bahati tu.

Kumbe watu wameliona. Saa nne asubuhi Mzee Osward, balozi wetu wa nyumba kumi, kabisha hodi, fimbo mkononi, analalamikia magoti, uso umekunjamana. Nikampa shikamoo, akaiitikia kwa shida. Kauliza sanamu lile ni la nani. Nikasema la mhaini wa Uingereza. Akauliza mhaini wa Uingereza anapata wapi ndevu za Gaudensi. Akanikumbusha kwamba mtu mzima anayetengeneza mfano wa mwenzake ili autie moto ana jina lake, na hapa mtaani jina hilo hatutaki kulitaja. Nimeapa mimi si mchawi. Nimeapa kwa Bikira Maria, mara mbili.

Tumefikia uamuzi. Sanamu litabaki, ndevu zifutwe, na livae nguo zangu mimi, zinazojulikana ni zangu, ili kama kuna lolote la kumpata mtu linipate mimi. Nikatoa shati bovu. Mzee Osward akakataa, akasema shati hilo halijulikani na mtu. Akanyoosha fimbo kwenye koti la kijivu ukutani.

Koti langu! La Bwana Haroldi mwenyewe, aliniachia siku anaondoka. Nilikuwa nimepanga kulivaa Jumapili, Tadei akifika. Sasa limevaliwa na kiroba. Limemkaa vizuri kuliko mimi.

Ijumaa, 4 Novemba

Mtaa mzima unazungumzia moto wangu! Wanapita makundi kwa makundi, wanalizunguka lundo, wanachuchumaa, wanachungulia chini. Wanaume wazima wameonekana wakichonga fimbo. Mmoja kaniletea mbwa wake aje alione lundo. Hawa ni watu niliowadhani hawana habari na mambo mazuri! Nilimwambia Febronia, akaendelea kupepeta mchele. Baadaye nikamkuta anachagua mchi.

Jioni alikuja Gaudensi. Alilizunguka lundo mara moja. Akatega sikio kwenye mabua, na, sikutegemea, akatabasamu. Kisha akatazama jiko la Apolonia. Akasema usiku upepo unageuka. Akasema lisogezwe hatua thelathini, yeye atasaidia. Hayo ni maneno yake ya siku mbili! Wivu mtupu. Nikamjibu kwamba mambo haya yana wenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Usiku sikupata usingizi. Nilitoka nikaenda kukaa karibu na lundo. Nyota zilikuwa chache kwa moshi. Ndani ya lundo kulikuwa na mchakacho mdogo mdogo, huku, kule, huku tena. Mabua yalikuwa yananong'ona. Nilikaa nikiyasikiliza nusu saa nzima na kila mnong'ono ulikuwa unasema Apolonia.

Jumapili, 6 Novemba, alfajiri

Nanuka moshi mpaka kwenye kope. Nitaandika kwa utaratibu.

Walikuja wengi mno, hata wa mitaa mingine. Nilisimama juu ya ndoo, nikaanza kusimulia habari za Bwana Haroldi na mto na ukungu wa kwao. Wakanyamaza. Kweli walinyamaza, hata watoto, hata mbwa! Walijipanga duara kuzunguka lundo, kila mtu na fimbo yake, macho chini. Nikadhani ni heshima. Hotuba nikaiacha katikati. Nikawasha.

Dakika moja. Nilipata dakika moja kamili, na hiyo hakuna atakayeninyang'anya. Moto ulipanda bila sauti. Koti langu likajaa hewa, likainua mikono. Apolonia alikuwa upande wa pili, amejitanda kitenge cha njano, na uso wake ulivyomulikwa, jamani! Bwana Haroldi hakusema uongo. Mianzi ikaanza kulia, pa! pa! Nikapiga hatua moja kumwendea.

Hapo wakatoka ndezi.

Ndezi! Wale panya wakubwa wa kwenye matete, wanono kama watoto wa nguruwe, ambao kila mtoto wa bonde hili anajua nyama yao. Kila mwaka shamba likichomwa watu wanasimama pembeni na fimbo kuwangoja. Na mimi nilikuwa nimejenga lundo zuri la matete, na bonde zima limechomwa isipokuwa hilo lundo. Wangekwenda wapi? Walihamia kwangu wote, na wake zao. Mtaa mzima ulijua. Mbwa walijua. Mimi peke yangu, mzaliwa wa hapa hapa, nilikuwa nawaza ukungu wa Uingereza!

Sherehe yangu ikafa. Hapa mmoja, pale watatu, fimbo zinapigwa, vumbi, mbwa, kelele. Mzee Osward, ambaye Alhamisi alilalamikia magoti yake, alinipita akikimbia kama kijana wa ishirini. Febronia aliua wawili kwa mchi. Nikapaza sauti kwamba ratiba bado. Nikasema tafadhali. Nikasema kwa heshima ya marehemu wote. Hata!

Basi nikakumbuka stilwaya. Nikawaza, wakiona cheche watainua vichwa. Nikaiwasha, nikaizungusha. Ilikuwa nzuri! Duara la dhahabu juu ya kichwa changu, cheche zinanyesha pande zote, na katika watu wote wale Apolonia peke yake aliinua macho. Alinitazama mimi. Ungeweza kuhesabu mpaka tano.

Ndezi akapita katikati ya miguu yangu. Nyuma yake mbwa.

Kamba ilinitoka. Stilwaya ikaruka juu ya vichwa vya watu, polepole, inawaka, inazunguka, kwa kweli ndiyo fashifashi pekee niliyowahi kuiona maishani. Ikatua juu ya paa la jiko la Apolonia.

Gaudensi alikuwa pale. Tangu magharibi, imejulikana sasa, alikuwa amekaa kwenye ngazi karibu na lile jiko, na ndoo mbili na gunia bichi. Moto aliuzima kabla ya mtu wa kwanza kupiga yowe. Tundu limebaki la ukubwa wa sinia. Akashuka, akajikung'uta, akaenda kuua ndezi wake.

Nikamtafuta Apolonia nimwombe radhi. Alikuwa ameketi chini, kwenye vumbi. Nikaogopa ameumia. Alikuwa anacheka! Anacheka hawezi kusimama, kitenge kimejaa machozi, akitaka kusema neno ananionyesha kwa kidole anaanza upya. Nilisimama pale na kidole changu kilichounguzwa na cheche, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Ndezi thelathini na moja. Watu wamechoma na kula mpaka usiku wa manane. Mzee Osward alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema katika uzee wake hajaona mtu aliyekusanya ndezi kwa akili namna ile, na mwakani nisiache. Viazi vilitoka mkaa nje, vibichi ndani. Nimeungua kidole. Mvua tu ndiyo haikunyesha.

Amecheka! Miaka mitatu, na aliyemchekesha ni mimi. Jibu liko wazi.

Jumapili, 6 Novemba, jioni

Tadei alifika baada ya misa ya pili. Walikaa ndani na dada yake, mlango wazi. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini kwetu, shati jeupe, bila koti, natengeneza saa isiyoharibika.

Apolonia alikuja mwenyewe. Hakumtuma mtu, na hilo nalishukuru. Akasema jana usiku alidhani mbavu zitakatika. Akasema alipoingia kulala alikuwa bado anacheka, na akamwambia Limbu gizani, umeona, kucheka kumerudi. Akasema hilo hatalisahau mpaka anakufa na ananishukuru kwa moyo wake wote.

Halafu akasema amemkubali Gaudensi. Lile tundu alikuwa ameliziba kabla ya misa ya kwanza, na yeye hakumwomba. Akasema kaka Kelestini, usiku nacheka, sawa, lakini asubuhi nataka nikiamka nikute jiko langu lipo.

Nilisema sawa. Nikasema hongera. Sauti yangu ilitoka vizuri, na nilimsindikiza mpaka njiani kama inavyotakiwa. Niliporudi nilikaa kitandani na viatu vyangu, nikalia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nampenda. Si kwa ajili ya moto wala ukungu, nampenda anavyokaa juu ya jembe.

Febronia aliniletea bakuli la mchuzi wa ndezi. Akakaa kando yangu mpaka nikalimaliza. Haijawahi kutokea.

Jumatano, 9 Novemba

Nimefikiri siku tatu. Nimelipitia jambo zima kama ninavyoipitia saa, gurudumu kwa gurudumu. Mpango ulikuwa sahihi. Kilichoharibika ni kimoja: mbwa.

Leo Apolonia alipita mezani kwangu sokoni. Ndoa ni Jumamosi, tarehe saba Januari. Alikuwa na ombi moja. Nije, nikae mbele pamoja na ndugu zake, maana mimi ni ndugu, na nije mikono mitupu. Kabisa. Bila kiberiti, bila kamba, bila mwanzi. Nikae tu. Nilimwahidi. Nilimwahidi kwa dhati, mkono kifuani, na machozi yalinilenga.

Ndoa haijafungwa mpaka padri aseme neno la mwisho. Hili ni jambo la sheria ya kanisa, si langu.

Nikawaza, wakati anafika mlangoni pa kanisa, kabla hajaingia. Asubuhi ya Januari, mvua imekatika, majani yanatoa mvuke. Kimya. Halafu kutoka nyuma ya kanisa wanaruka njiwa. Weupe. Mia moja! Wanapanda wote kwa pamoja, mabawa yanasikika, anainua macho, anageuka kutafuta nani aliyefanya hivi. Mimi nimekaa kwenye benchi. Mikono mitupu, kama nilivyoahidi. Njiwa hawabebwi, wana mabawa yao.

Kwa kuanzia nimepata wawili. Wako chini ya kitanda, wanakula mchele wa Febronia, yeye bado hajui. Mmoja amepanda mezani sasa hivi na amenyea ukurasa huu. Dalili njema.